Kukamata Siyo Kufuga

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea. Kuna swali linanifikia mara kwa mara huku Morogoro, na kila likija linakuja limevaa nguo za ujasiriamali: "Afisa, kuna mtu anatafuta vinyonga na mijusi wa milimani, anasema nje kuna soko. Hiyo nayo si ufugaji?" Mwingine amepata kitoto cha nyani, anataka akifunge kamba pale kwenye kibanda chake cha ndizi barabarani ili kivute wateja. Mwingine ameokota vitoto vya ngiri, anafikiria kuvikuza pamoja na nguruwe wake.

Jibu langu kwa wote watatu ni hapana. Sababu zipo, na nitazieleza kwa lugha yetu ya shambani.

Mfugaji ni mtu anayezalisha. Ana dume, ana majike, anajua tarehe ya kupandisha na tarehe ya kuzaa. Akiuza kumi, wazazi wanabaki bandani na mwakani atauza tena. Anayeingia msituni na chupa asubuhi akatoka na mijusi ishirini jioni hajazalisha hata mmoja. Amevuna shamba ambalo hakulipanda, halipalilii, wala hana mpango wa kurudishia mbegu. Kazi hiyo ina jina lake, na jina hilo siyo ufugaji.

Kilichotokea Kimboza

Wengi wenu mnaoishi upande wa Matombo na Mkuyuni mnaufahamu msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki. Ni msitu mdogo, hekta 400 hivi, wenye mawe ya chokaa na miti ambayo huikuti hovyo hovyo. Humo anaishi mjusi mdogo, ndugu wa huyu mjusi kafiri wa ukutani, ila yeye hutembea mchana. Dume ni buluu ya kung'aa na koo lake jeusi. Jike ana rangi ya kijani au kahawia. Kitaalamu anaitwa Lygodactylus williamsi. Duniani kote makazi yake ya asili ni hapo Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani, basi.

Mjusi huyu anaishi juu ya mti wa jamii ya mkadi, ule wenye majani marefu yenye miiba pembeni. Katikati ya majani yale ndipo anapojificha, anapowinda wadudu na anapotaga. Hutaga mayai mawili tu kwa mara moja.

Miaka ya 2000 wapenzi wa mijusi wa Ulaya na Marekani wakampenda kwa ile rangi. Order zikaanza kuja. Watafiti waliofuatilia biashara hii walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa kati ya mijusi 32,000 na 42,000 msituni. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwepo. Nasisitiza: kikundi kimoja.

Sasa sikiliza walivyokuwa wanawakamata. Mkadi ni mrefu, una miiba, na mjusi ana mbio. Kwa hiyo njia rahisi ilikuwa kuukata mti mzima uanguke, halafu wanaokota walioko kwenye majani. Mkulima yeyote anajua maana yake. Ni sawa na kukata mchungwa ili uchume machungwa. Mjusi ameondoka, nyumba yake imeondoka, na hata wale waliosalimika hawana pa kutaga.

Mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilikubaliana kumwingiza kwenye orodha ya kwanza ya mkataba huo. Kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hawa waliotolewa porini ni marufuku.

Hebu tupige hesabu za biashara

Nyie ni watu wa biashara, na mimi nawafundisha kila siku habari za mnyororo wa thamani. Tuuangalie huu mnyororo. Mwanzoni yuko kijana wa kijijini anayeukata mkadi. Anafuata anayemkusanyia, kisha mwenye kibali cha kusafirisha, kisha muuzaji wa jumla wa nje, kisha duka, kisha mtu mwenye kisanduku cha kioo sebuleni kwake. Nani anapata kidogo kuliko wote? Yule wa kwanza. Nani anabaki na msitu uliokatwa? Huyo huyo.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mijusi hao walipofika Ulaya, wafugaji wa kule wakawazalisha. Wakajifunza joto wanalotaka, chakula chao, namna ya kutunza mayai. Kwa maneno mengine, ufugaji halisi, ule wenye faida ya kudumu, ulifanyika kule. Huku kwetu ulibaki ukamataji. Tuliuza mbegu mama kwa bei ya kutupa.

Halafu soko la wanyama wa ajabu ni soko la mitindo. Nadhani mnakumbuka mambo ya kware mwaka 2013 na 2014. Kenya mayai yalipanda bei kwa fujo, watu wakasema yanatibu kila ugonjwa, kila mtu akaanzisha banda. Muda si mrefu soko likaanguka, wafugaji wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Na wale kware walikuwa wanazalishwa bandani kabisa. Sembuse mnyama ambaye huwezi hata kumzalisha?

Na mnyama mwenyewe je?

Kuna watu wakisikia neno maadili wanadhani ni mambo ya wazungu. Mimi naona sisi wafugaji ndiyo wa kwanza kuelewa. Ng'ombe, kuku na mbuzi wamekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka. Tumechagua wapole, tumewazoesha, tunajua wanaumwa nini na dawa yake ni ipi. Hata hivyo ukimweka kuku wa mayai kwenye banda bovu anakuonyesha kwa kuacha kutaga na kudonoana.

Sasa chukua kinyonga wa Uluguru aliyezoea ukungu na baridi ya kule juu. Mtie kwenye chupa ya plastiki, mpande naye bodaboda mpaka mjini kwenye joto, mweke hapo siku tatu bila maji. Kinyonga hapigi kelele. Mjusi halii. Kwa kuwa hatusikii, tunajifanya hateseki. Au chukua nyani, mnyama wa kundi, anayelelewa na mama na kucheza na wenzake. Mfunge kiunoni peke yake chini ya mwembe miaka kumi. Mimi sihitaji kusoma kitabu kujua hiyo ni adhabu, na sijui amekosa nini.

Hatari inayoingia mpaka bandani

Turudi kwa rafiki yetu wa ngiri, maana huyu anaweza kuangamiza mtaa mzima. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, asili yake ni ngiri na papasi wanaoishi kwenye mashimo yake. Ngiri anabeba virusi na anadunda tu, haumwi. Nguruwe pori naye anaweza kubeba bila kuonyesha dalili. Lakini virusi hivyo vikimfikia nguruwe wako wa kufugwa, ni homa kali, ngozi inabadilika rangi, na banda linaweza kuisha lote ndani ya siku chache. Dawa hakuna. Sisi maafisa ugani tukifika tunakuja na karantini na shimo la kuzikia.

Kwa hiyo kitoto cha ngiri ulichokileta kwa huruma ni mkopo wako wa benki unaouweka rehani, pamoja na nguruwe wa jirani yako ambaye hukumuuliza.

Kitoto cha nyani nacho ni kizuri kikiwa kidogo. Kinabebeka, kinanywa maziwa, watoto wanakipenda. Akipevuka anakuwa na chonge ndefu na nguvu kushinda mtu mzima, na anataka utawala kama dume yeyote kwenye kundi. Atakayeng'atwa kwa kawaida ni mtoto au mteja. Na kichaa cha mbwa, pamoja na jina lake, hakichagui mbwa tu. Mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kukibeba.

Sheria inasemaje?

Mimi siyo mwanasheria, ila hili nalijua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kukamata au kumiliki bila kibali ni kosa, awe hai au amekufa. Kesi za nyara za serikali mara nyingi zinaendeshwa kama uhujumu uchumi, na kifungo chake kinahesabiwa kwa makumi ya miaka.

Nchi hii imeshaumia. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walipakiwa kwenye ndege pale KIA wakapelekwa Qatar. Machi 2016 uwanja huo huo walizuiwa tumbili zaidi ya 60 waliokuwa wanapelekwa Albania, na mwaka huo serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 lilitoka tangazo la kufungua kidogo kwa miezi sita, watu wakapiga kelele, likasitishwa mara moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "nje kuna soko na vibali ninavyo", muulize vibali gani.

Mbona wengine wanaruhusiwa?

Hili ni swali la haki, na silikwepi. Kuna wanyamapori kizuizini ambao nawaunga mkono.

Wa kwanza ni chura wa Kihansi, hapa hapa kwenye milima ya Udzungwa. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Umeme ulipoanza kuzalishwa, maji yakapungua na manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Wengi walikufa miaka ya mwanzo, pamoja na wataalamu wote wale na mashine zao. Waliobaki wakazaliana. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena hata mmoja, na mwaka 2012 wajukuu wa wale waliosafiri wakaanza kurudishwa Kihansi. Kile kizuizi kilikuwa na mlango wa kurudi nyumbani.

Wa pili ni panya buku wa SUA. Sisi wakulima tunamjua kama mwizi wa mahindi, wenzetu wa APOPO wakamfundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa hapo Morogoro, aligundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100 kule Kambodia na akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Panya wale wanazaliwa hapo hapo, wana daktari, wana muda wa kustaafu.

Sheria pia inaruhusu mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori kwa leseni. Makao makuu ya TAWA yako hapa Morogoro mjini, nauli ya daladala tu. Kama una mtaji, ardhi na daktari wa mifugo, nenda kaulize mlango wa mbele.

Maswali matatu kabla ya kukubali dili

Kwanza, mnyama huyu amezaliwa bandani au ametolewa porini? Pili, ninaweza kumzalisha kizazi baada ya kizazi bila kurudi msituni? Tatu, nikiwaita TAWA na daktari wa mifugo leo waje waone, nitakuwa na amani? Jibu moja likiwa baya, achana nalo.

Fursa za kweli tunazo. Upande wa Matombo na Kinole kuna pilipili manga, karafuu na mdalasini. Mizinga ya nyuki inapenda msitu uliosimama, na kila mti unaobaki ni malisho. Kule Mgeta, mbuzi wa maziwa waliletwa kutoka Norwei miaka ya 1980 kupitia SUA. Wageni kabisa, lakini watu wakawazalisha, wakaandika kumbukumbu, wakauziana madume, na leo kuna kaya zinasomesha watoto kwa maziwa yale. Hawakumaliza mbuzi wa mtu. Waliwaongeza.

Kwa vijana mnaopakana na Kimboza nina ombi moja. Mtu akija na chupa zake na hela mkononi akiomba mumwonyeshe mikadi ilipo, msimwonyeshe. Mpigieni mwenyekiti wa kijiji au watu wa misitu. Mijusi wale wameanza kurudi taratibu, na mikadi inachukua miaka mingi kukua.