UCHAMBUZI: Shabiki hana sauti mwenye timu akiamua kuihamisha

MNAMO Septemba 26, 2024, mashabiki 46,889 walifurika katika uwanja wa Coliseum mjini Oakland, Marekani, kuitazama timu yao ya besiboli, Athletics, ikiilaza Texas Rangers 3-2. Licha ya ushindi huo, wengi waliondoka wakitokwa na machozi. Huo ulikuwa mchuano wa mwisho wa timu hiyo mjini humo baada ya misimu 57.

Oakland haikuipoteza timu yake kwa kushindwa uwanjani. Iliipoteza kwa sababu timu ina mwenyewe, na mwenyewe aliamua kuihamisha.

Historia ya umiliki wa Athletics inaonyesha kwamba hilo si jambo geni. Timu hiyo iliasisiwa Philadelphia mwaka wa 1901, ambako Connie Mack aliinoa kwa misimu 50. Mwaka wa 1954 familia yake iliiuza kwa mfanyabiashara Arnold Johnson, ambaye aliihamishia Kansas City. Johnson alipofariki mwaka wa 1960, timu ikamwangukia Charles Finley, tajiri wa biashara ya bima, naye akaipeleka Oakland mwaka wa 1968.

Wakazi wa Oakland walishangilia, hasa timu ilipotwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 1972 hadi 1974. Machozi ya Kansas City hayakuwahusu. Kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Mwaka wa 1980 Finley aliiuza kwa familia ya Haas, wenye kampuni ya mavazi ya Levi Strauss. Familia hiyo ilitumia fedha zake bila choyo, na ubingwa ukarejea mwaka wa 1989. Walioinunua baadaye, Steve Schott na Ken Hofmann, walibana matumizi. Mwaka wa 2005 Lewis Wolff na John Fisher waliinunua kwa dola milioni 180, na tangu 2016 Fisher ndiye amekuwa msemaji wa mwisho.

Juni 13, 2023, mashabiki zaidi ya 27,000 walijaa uwanjani wakimtaka Fisher auze timu. Hakuuza. Mwezi huo huo, wabunge wa Nevada waliidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi wa uwanja Las Vegas. Novemba, wamiliki wa klabu zote 30 za ligi waliidhinisha uhamisho huo bila pingamizi. Tangu 2025, Athletics imekuwa ikichezea West Sacramento, ikisubiri uwanja huo unaotarajiwa kufunguliwa mwaka wa 2028.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Nafasi katika ligi ni 30 tu, na wanaozigawa ni wamiliki wenyewe. Aidha, tangu 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani imeikinga besiboli dhidi ya sheria za kuzuia ukiritimba. Miji hulazimika kushindana kwa kutoa kodi za raia, naye tajiri huchagua anayetoa zaidi.

Mashabiki wa Arsenal humu nchini wasidhani haya ni ya mbali. Mmiliki wao, Stan Kroenke, ndiye aliyeihamisha timu ya Rams kutoka St. Louis hadi Los Angeles mwaka wa 2016.

Lakini ipo njia nyingine. Timu ya Green Bay Packers, ya mchezo wa kandanda ya Kimarekani, inamilikiwa na maelfu ya wanahisa wa kawaida tangu 1923, na haijawahi kuuhama mji wake mdogo. Mji unaotoa fedha za umma bila kudai hisa wala mkataba wa kuifunga timu, hununua mapenzi ya muda tu.