Nani Aingie, Nani Atolewe?



Mwezi wa saba ufikapo, shule hufungwa, baridi ya kiangazi hutuamsha mapema hapa Likasi, na watoto huanza kuhesabu siku za michezo. Parokia hutengeneza kermesi yake, yenye bahati nasibu na soda na mandazi. Mtu mwenye mashine ya umeme hujaza upepo nyumba ya mpira, watoto warukeruke ndani yake. Pale Kikula mpira huchezwa. Na wazazi wenye nafasi huwapandisha watoto garini kwenda Lubumbashi, mwendo wa kilometa 120 hivi, wakaone wanyama katika bustani yao. Yote hayo ni mema.

Lakini kila furaha ya watu wengi ina mlango, na mlangoni husimama mtu. Habari yetu ya leo ni ya mtu huyo.

Twadhani kazi ya bawabu ni kupokea fedha na kupasua tikiti. La. Kazi yake hasa ni hukumu. Kwa dakika moja aamua mambo mawili ambayo hakimu barazani angeyafikiri juma zima: nani aingie, na nani aliyekwisha kuingia atolewe. Tena aamua bila kitabu cha sheria, watu wakimsukuma, jua likimchoma, na mara nyingi hajala tangu asubuhi. Kwa hiyo kazi hiyo haifai kupewa kijana yeyote kwa sababu tu ana kifua kipana.

Mnaikumbuka Injili. Watu walipowaleta watoto wadogo kwa Bwana Yesu awabariki, Mitume walijifanya mabawabu bila kuagizwa na mtu, wakawakemea waliowaleta. Walidhani wanailinda heshima ya Mwalimu wao. Mtakatifu Marko atwambia waziwazi kwamba Bwana alichukizwa. Na hao walikuwa watu wema, tena mmoja wao ndiye tumchoraye hata leo akishika funguo za mlango wa mbinguni! Ikiwa hata Petro alikosea mlangoni, yatupasa kumfundisha kazi bawabu wetu wa kermesi kabla ya kumkabidhi kamba na tikiti.

Sisi watu wa Likasi twaijua habari ya milango kuliko wengi. Mpaka mwaka 1966 mji wetu uliitwa Jadotville. Katika siku za utawala wa Wabelgiji, Wazungu walikaa upande wao, na Waafrika katika makambi ya kampuni na katika mtaa wa Kikula. Palikuwa na mahali pa kuogelea, pa kunywa na pa kutazama sinema ambapo Mwafrika hakuulizwa tabia yake wala kama ana fedha. Alitazamwa uso, ikatosha. Baadaye, mwaka 1948, serikali ilianzisha kadi ya sifa njema ya raia, na mwaka 1952 cheo kikubwa zaidi cha kuandikishwa kuwa mtu aliyestaarabika. Aliyekiomba cheo hicho alifuatwa mpaka nyumbani kwake, wakaguzi wakatazama namna familia inavyokaa na kula. Waliokipata walikuwa wachache sana. Wazee wetu waliuona mlango mrefu namna hiyo, nao hawakusahau.

Je, waliopita mlangoni bila kuulizwa neno walikuwa na adabu kushinda wengine? Tuitazame Brussels ya mwaka 1958. Tangu mwezi wa nne hata mwezi wa kumi Ubelgiji ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, yakatembelewa na watu milioni 41 hivi. Pamoja na majumba ya mataifa na uwanja wa burudani, palijengwa kijiji cha Kikongo, na mafundi kutoka kwetu wakawekwa humo pamoja na jamaa zao, wachonge na kusuka mbele ya wageni. Kati yao na wageni palikuwa na uzio wa mianzi. Wageni wengine, watu waliovaa vizuri na kulipa tikiti zao kwa haki, walisimama penye uzio wakawacheka, wakawatupia ndizi. Mafundi walichoka kudharauliwa. Katika mwezi wa saba waliacha kazi wakarudi nyumbani, na kijiji kikabaki kitupu.

Haya hayakuwa mageni. Mwaka 1897, katika mji wa Tervuren karibu na Brussels, waliletwa Wakongo 267 ili watazamwe vivyo hivyo. Wageni waliwatupia vyakula. Wenye maonyesho wakaona ni fujo, wakaweka ubao wa kuwaambia watu wasiwalishe, kwa kuwa wanalishwa na kamati! Ilikuwa amri dhidi ya wageni wasio na adabu, lakini imeandikwa kama ubao wa penye tundu la nyani. Wenzetu 7 walikufa huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo.

Angalieni basi lililotendeka mwaka 1958. Aliyefanya fujo alibaki na tikiti yake mkononi, na aliyefanyiwa fujo ndiye aliyefunga mizigo. Tukiisoma habari hiyo twaghadhibika. Lakini siku ya kermesi yetu, kijana mwenye simu kubwa na viatu vyeupe ampigapo kikumbo msichana mwuza karanga mpaka sinia lake limwagike, sisi twamwondoa nani? Mara nyingi twamwambia msichana asogee na karanga zake, asizuie njia.

Siku hizi hakuna aulizwaye rangi yake penye mlango wa burudani. Aulizwa viatu. Wapo watoto wa barabarani, wale ambao watu huwaita mashege kwa kuwadharau, ambao wamebeba mizigo sokoni juma zima, wakaweka akiba franka za kuingilia. Bawabu awaona vumbi miguuni, asema: “Hawa ni wezi,” naye awafukuza hali fedha wamezishika mkononi. Huenda mmoja wao ni mwizi kweli. Lakini penye mlango hajaiba kitu. Mtakatifu Yakobo aliwaonya Wakristu wa kwanza juu ya kumkalisha pazuri mwenye pete ya dhahabu, na kumsimamisha pembeni maskini mwenye nguo chafu. Alisema juu ya mkutano wa waamini, nasi tusidhani maneno yake hayafiki mpaka kwenye bembea.

Napenda kuwasifu wenye viwanja vikubwa vya michezo ya mashine kwa jambo moja. Penye mashine ya kuzunguka kwa kasi husimamishwa kipimo cha urefu. Mtoto asiyefikia alama hapandi, kwa sababu mkanda wa kiti hautamshika sawasawa. Kipimo hicho hakimjui mtoto wa mkurugenzi wala mtoto wa fundi viatu. Mama atanung'unika, mtoto atalia, lakini hakuna awezaye kusema ameonewa. Kanuni zote za mlangoni zingefaa kuwa hivyo: ziandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa, zibandikwe mahali watu wanapolipia, si ndani. Kanuni isomwayo baada ya kulipa ni mtego.

Sasa tufike kwa mgumu mwenyewe, yaani yule aliyekwisha kuingia, akalewa au akaanza ugomvi. Hapa hatari si ndogo, na nchi yetu imeliona jambo hilo kwa machozi. Tarehe 27 Julai 2024, katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, wenye nafasi ya watu 80,000, palikuwa na tamasha la nyimbo za Injili. Watu walikuja kumwimbia Mungu. Walitokea wakorofi wachache, walinzi wakataka kuwakamata, na katika mshtuko huo watu wakakanyagana. Waliokufa hawakupungua 7. Waandalizi wenyewe ndio walioeleza kwamba kishindo kilianza hapo, walinzi walipokuwa wakiwazuia wakorofi. Wala tusidhani ni mambo ya mji mkuu tu. Mwezi wa nne wa mwaka 2001, katika mpira wa Lupopo na Mazembe mjini Lubumbashi, vurugu zilizuka, polisi wakarusha moshi wa machozi, umati ukakimbilia milango, na watu kadhaa wakafa. Moshi haumchagui mkorofi. Humwingia machoni hata mtoto aliyeketi juu ya mabega ya baba yake.

Hata Marekani, kwenye uwanja wa burudani ujulikanao kuliko vyote, Disneyland, walishindwa siku moja. Tarehe 6 Agosti 1970 vijana mia chache waliojiita Yippies waliingia kwa tikiti kama watu wote, kisha wakaanza kelele na kupandisha bendera yao. Uwanja ukafungwa mapema kwa saa kadhaa, na maelfu ya watu wengine, waliokuja na watoto wao, wakatolewa nje. Katika miaka hiyo vijana wengi wa kiume walirudishwa mlangoni mwa uwanja huo kwa ajili ya nywele ndefu tu. Hao Yippies walikosa kwa matendo, lakini wangapi walirudishwa kwa ajili ya nywele zao ambao hawakukosa lolote? Mimi siziabudu nywele ndefu. Ila mkasi wa kinyozi haujapata kumfanya mtu kuwa mpole.

Bwana wetu alisema mfano wa ngano na magugu yaliyoota pamoja. Watumishi walitaka kung'oa mara moja, mwenye shamba akawazuia, wasije wakang'oa na ngano. Mfano huo wahusu mambo ya siku ya mwisho, wala hautuamuru kumwacha mlevi awapige watu mpaka jioni. Lakini watufundisha mkono wa kung'olea. Mkorofi aendewe na watu wawili wazima, ikiwezekana mmoja wao anayemjua kwa jina. Wasipige filimbi, wasikimbie, kwa maana watu wakiona walinzi wanakimbia, nao hukimbia bila kuuliza sababu. Waseme naye kwa sauti ya chini, wamwongoze kwa mlango wa pembeni, na pale nje wamweleze kosa lake. Atolewe yeye peke yake. Twaona mara nyingi kijana mmoja akikosa, wenzake wote wa mtaa mmoja hufukuzwa, au wale wasemao lugha moja naye. Hiyo si amani. Ni kupanda ugomvi utakaoota juma lijalo, tena katika mji kama wetu uliokwisha kuumia kwa mambo ya namna hiyo.

Liko pia kosa la kuingiza watu kupita kiasi, nalo huua kuliko ugomvi. Mjini Tabora, Tanzania, siku ya Idi mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa dansi uliojazwa kupita nafasi yake, hewa ikawa haba, wakakanyagana. Tangu hapo polisi wa Tanzania wamezoea kukataza dansi hizo za watoto siku za Idi. Na mjini Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, kabla ya mpira wa Kameruni na Komoro, watu 8 walikufa nje ya uwanja wa Olembé. Rais wa chama cha mpira cha Afrika alisema kesho yake kwamba mlango uliopaswa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Mlango mmoja tu!

Basi bawabu na ahesabu. Mahali pa watoto 200 zichapwe tikiti 200, na zikiisha, hata akija binamu wa burugumestri asiingie. Najua lisemwalo: binamu hatarudi bure, ataleta matabishi, na bawabu ana watoto nyumbani. Kwa hiyo bawabu alipwe ujira wake mapema, tena wa kutosha, na fedha zikusanywe na mtu mwingine aliyeketi mbali naye. Mwenye kushika fedha na mlango pamoja amewekwa katika kishawishi, na walio na kosa la kwanza ni waliomweka hapo. Na mlango wa kutokea usifungwe kwa kufuli hata kidogo, ijapokuwa watoto wachache watapenya kwao bure. Tikiti tano zilizopotea hazijapata kumwua mtu.

Amebaki yule aliyefika amechelewa, aliyenunua tikiti yake jana kwa haki, akakuta pamejaa kwa sababu wauzaji hawakuhesabu sawasawa. Huyo hakukosa neno. Apewe kikaratasi chenye mhuri wa parokia cha kumwingiza wa kwanza siku inayofuata. Na kama hakuna siku inayofuata, arudishiwe franka zake pale pale mlangoni, zote, wala asiambiwe kwamba zimekuwa sadaka.