Tafuta Rafiki Kabla ya Kukwea Mlima

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja yatuambia kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Ya pili yaonya kuwa mtembezi hula miguu yake. Mwanafunzi anayejitwika shanta na kuvuka mpaka wa nchi peke yake hujikuta kati ya methali hizi. Wazazi humwona mpotevu, ilhali wenzake humwona shujaa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea, maadamu zote zinadhani kuwa aondokaye peke yake husafiri peke yake. Msafiri wa namna hiyo, hasa anayekusudia mwendo mrefu wa miguu, sharti apate marafiki kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumejaliwa nyenzo bora ya kuwapata, lakini aghalabu hatujui kuitumia.

Nilipomaliza mwaka wa pili, nilivuka mpaka kupitia Taveta na Holili hadi mjini Moshi, nia yangu ikiwa kuukwea Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila kiongozi, hivyo nikaunganishwa na wageni wanne nisiowajua. Tulikuwa na siku mbili za kungoja. Siku hizo mbili zilinifunza mengi kuliko mlima wenyewe.

Asubuhi ya kwanza niliingia mgahawani nikasema, "Nipe chai." Mama mwenye mgahawa aliniletea chai kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, umetoka Kenya?" Nikataka kujua amejuaje. Akatabasamu: "Huku tunaomba." Ndugu msomaji, niliona haya. Mimi niliyeweza kukichanganua kitenzi cha hali ya amri, mofimu baada ya mofimu, sikuwa nimetambua kuwa amri hiyo humkwaruza anayeambiwa. Tangu hapo nikasema "naomba", na milango ikafunguka.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi lilikuwa bado mbele yangu. Jioni hiyo niliketi na wale wageni wanne, nikazungumza Kiingereza hadi usiku, nikijiona msafiri wa kimataifa. Wapagazi wetu walikuwa nje chini ya mti. Sikuwasalimu. Kesho yake dhamiri ikanisuta, nikawaendea. Nilimwamkia kiongozi wetu, mzee wa Kichaga, "Shikamoo," akaniitikia "Marahaba" na kunikaribisha. Nikaketi nao wakipima mizigo, ambayo kanuni zinataka isizidi kilo 20 kwa kila mpagazi. Niliyashika majina yao. Kijana mmoja alinieleza kuwa mama yake anaugua, nami kila asubuhi nikawa namuuliza habari zake.

Safari ilipoanza, nililielewa upya neno ambalo watalii huuziwa kwenye fulana. Wao hudhani "polepole" ni mwendo tu. Sisi tunajua kuwa pole, upole na kupoa ni maneno ya jamaa moja. Kila wapagazi walipotupita na mizigo yao niliwaambia, "Poleni," nao wakajibu, "Tumeshapoa." Kwa neno moja tu, uchovu wa mtu huwa umetambuliwa na mwenzake.

Usiku wa kukwea kilele tulikuwa kwenye kibanda cha Kibo, zaidi ya mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Kichwa kilinipasuka, nami nikaficha, kwani nilichelea kurudishwa. Wageni wenzangu hawakuona lolote. Yule kijana ndiye aliyeniambia, "Kaka, leo hukuniuliza habari za mama." Akamwita mzee, mzee akanitazama nikijaribu kutembea, akaamua nishushwe usiku ule ule. Sikufika kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Lakini ugonjwa wa mwinuko unaweza kuujaza ubongo au mapafu maji, na ukaua. Asiyejua ulivyokuwa jana atatambuaje kuwa leo umebadilika?

Wako watakaosema kuwa urafiki utajijenga wenyewe njiani. La hasha! Njiani pumzi huwa chache, wapagazi hutangulia, na maradhi hayangoji watu wajuane. Wengine watauliza kama kila anayechekelea ni rafiki. Bila shaka siye. Ndiyo sababu siku za kungoja zina faida, kwa kuwa humpa mtu nafasi ya kupima nia za watu, na kuwaarifu jamaa nyumbani anafuatana na nani na atarudi lini.

Historia nayo inatuunga mkono. Vitabu husema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Waliobeba vyakula na mahema yao hutajwa kwa nadra, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kiongozi wao, hakujulikana kwa wengi kwa miaka mingi. Hata hao hawakupanda peke yao.

Alhasili, nawasihi wanachama wenzangu: jitwikeni shanta, vukeni mipaka, hata kama fedha zinatosha kufika Moshi tu. Walimu wetu nao watusaidie kuifundisha adabu ya lugha sambamba na sarufi yake, kwa sababu alama za mtihani hazikunishusha mlimani. Aliyenishusha ni kijana niliyemjulia hali ya mama yake, kwa Kiswahili, siku moja kabla ya safari.