Uhai wa ndege ya jeshi umo mikononi mwa fundi

NDEGE ya kijeshi inapoanguka, aghalabu lawama humwendea rubani kwanza. Hata hivyo, chanzo cha maafa huenda kikawa karakanani, miaka kadhaa kabla ya safari yenyewe.

Mnamo Julai 10, 2017, ndege ya uchukuzi aina ya KC-130T ya kikosi cha Marine cha Marekani ilianguka katika jimbo la Mississippi na kuua wanajeshi wote 16 waliokuwemo. Uchunguzi ulibaini kuwa panga moja kati ya yale yanayozungushwa na injini lilichomoka angani, likatoboa ubavu wa ndege. Panga hilo lilikuwa na kutu ambayo haikuondolewa lilipokarabatiwa mwaka wa 2011 katika karakana ya Jeshi la Wanahewa, jimboni Georgia. Kutu ikazaa ufa, nao ufa ukakua bila kuonekana.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mkasa huu, yalichimbwa makaburi.

Funzo hilo latuhusu. Kenya nayo imenunua ndege za C-27J kutoka Italia za kubeba askari na vifaa. Mijadala kuhusu zana za kijeshi mara nyingi huishia kwenye bei. Yafaa tuulize pia: Nani hukagua kazi ya fundi? Vipuri vitatoka wapi ndege zikizeeka? Na je, fundi wa cheo cha chini aweza kuizuia ndege isipae hali mkubwa wake anasubiri kusafiri?

Bunge linapopitisha bajeti ya ulinzi, lisihesabu ndege pekee. Liwahesabu na mafundi.