RWENZURURU NI FUNDISHO KWA WAFANYAKAZI



Wako wenzetu hapa Kampala ambao wakisikia jina la Rwenzururu husema, "Hayo ni mambo ya Wakonzo, sisi yanatuhusu nini?" Sisi tunasema yanatuhusu sana.

Mkataba wa mwaka 1900 kati ya wakoloni Waingereza na Mukama wa Toro uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya ufalme ambao hawakuuchagua. Walilipa kodi kama wengine, lakini watoto wao walifundishwa kwa Kitoro, na vyeo na nafasi za masomo vilikwenda kwa wengine. Mwaka 1956 mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba na reli ikafika Kasese kuichukua. Shaba ikaondoka, mwenye mlima akabaki maskini.

Tazameni walichodai kwanza. Hawakudai bendera. Mwaka 1962 wajumbe wao katika Rukurato, yaani baraza la Toro, wakiongozwa na Isaya Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitaka katiba ya Toro iwatambue kuwa watu sawa na Watoro. Wakakataliwa, wakatoka barazani. Wakadai wilaya yao, wakakataliwa tena, na viongozi wakashtakiwa. Mwaka huo huo Mukirane akatangaza Rwenzururu kuwa nchi huru. Vita vikadumu miaka 20.

Nani aliumia? Wakulima wa Kikonzo na wa Kitoro walichomeana nyumba, maskini kwa maskini. Wakubwa waliokataa kusikiliza hawakulala porini.

Na vita hivyo havikumalizwa kwa risasi. Mukirane alifariki mwaka 1966, mwanawe Charles Mumbere akashika nafasi yake. Mwaka 1974 serikali ya Amin iliigawa Toro, Wakonzo na Waamba wakapata wilaya. Agosti 1982, baada ya mazungumzo na serikali ya Obote, Mumbere akashuka mlimani na watu wake wakaweka silaha chini. Kilichonyimwa kwa maneno kilitolewa baada ya makaburi mengi.

Lakini wilaya na taji peke yake havimshibishi mtu. Ufalme ulitambuliwa mwaka 2009, na ugomvi wa ardhi haukuisha. Novemba 2016 jeshi lilivamia ikulu ya mfalme huko Kasese, watu zaidi ya 100 wakafa. Mumbere alishtakiwa, na kesi ikaondolewa mwaka 2023. Mashtaka yanaweza kufutwa, wafu hawarudi.

Wengine watasema tukiwasikiliza hawa, kesho kila kabila litadai lake. Tunawajibu kwamba anayesikilizwa mapema hudai kidogo. Tajiri anayekataa kusikia habari ya posho mbovu leo, kesho atakuta mgomo langoni. Serikali nayo ni hivyo hivyo.

Basi tuanze kwetu wenyewe. Katika matawi yetu ya chai, sukari na viwandani, mkutano usiendeshwe kwa lugha ya wengi tu huku wachache wakikaa kimya bila kuelewa. Awepo wa kutafsiri. Kamati isijazwe watu wa kabila moja. Msimamizi akipendelea watu wa kwao, tumpinge hata kama ni wa kwetu.

Lalamiko dogo lisikilizwe likiwa bado dogo. Umoja wetu utasimama kwa haki, si kwa kuwanyamazisha wanyonge.