Kadi ya Duka la Jumla na Mshahara wa Askari

Askari, awe mwanajeshi au polisi, hupokea mshahara wake mara moja kwa mwezi, lakini familia yake hula kila siku. Kati ya siku ya mshahara na mwisho wa mwezi ndipo yalipo maduka, na humo ndimo jasho la siku 30 linamoyeyukia kwa robo kilo ya sukari, kikombe cha mafuta na kipande cha sabuni. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo kuwaandikia wasomaji wetu wa vikosini na vituoni juu ya aina moja ya duka ambayo wenzetu wanaopelekwa masomoni Marekani huisimulia sana warudipo, yaani duka la jumla la wanachama, ambalo mtu haruhusiwi kununua humo mpaka awe na kadi aliyoilipia ada ya mwaka.

Wako wanaolisifu duka la namna hiyo kana kwamba ni dawa ya umaskini, na wako wanaolibeza kuwa ni mtego tu wa kumfanya mtu anunue asichokihitaji. Sisi tunaona kuwa kila upande umesema nusu ya ukweli, na nusu hizo hazina budi kuunganishwa kabla askari hajatoa fedha mfukoni mwake.

Kwanza, ieleweke kuwa maduka haya hayakuanzishwa kwa ajili ya matajiri. Mwaka 1948 wafanyakazi wa posta katika jiji la Los Angeles walishirikiana wakaanzisha duka lao lililoitwa Fedco, ili watumishi wa serikali wapate bidhaa kwa bei nafuu. Mwaka 1954 wakili mmoja wa San Diego, Sol Price, aliifuata njia hiyo akafungua FedMart, duka la watumishi wa serikali waliolipa dola 2 za uanachama. Mwaka 1976 alifungua duka jingine mjini humo, Price Club, ndani ya hangari kuukuu la ndege. Mwanzoni lilikusudiwa kwa wenye biashara ndogo, kwa ada ya dola 25 kwa mwaka, lakini baadaye milango ilifunguliwa kwa watumishi wa serikali na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Mwaka 1983 yakaanza Costco na Sam's Club, na mwaka 1993 Price Club na Costco zikaungana kuwa kampuni moja. Basi tangu asili yake duka hili lilimlenga mtu wa mshahara, mwenye kipato kidogo lakini cha uhakika, na mtu huyo hana tofauti kubwa na msomaji wetu.

Unafuu wa bei zao hauna muujiza wowote. Supamaketi ya kawaida ya Marekani huweka makumi elfu ya aina za bidhaa, ilhali Costco huweka aina zisizozidi 4,000 hivi. Aina zikiwa chache, kila moja hununuliwa kwa wingi mkubwa, na mnunuzi mkubwa hupewa bei ya chini na mwenye kiwanda. Bidhaa hazipangwi kwa mapambo, bali huachwa juu ya majukwaa yale yale ya mbao yaliyoshushwa kwenye lori. Kampuni imejiwekea pia mpaka wa kutoongeza zaidi ya asilimia 14 au 15 juu ya gharama ya bidhaa. Pengo la faida hujazwa na ada. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2024, Costco ilipata zaidi ya dola bilioni 4.8 kutokana na ada za wanachama, ilhali faida yake halisi ilikuwa kama dola bilioni 7.4. Mwenye duka basi huvuna fedha nyingi mlangoni, na ili avune tena mwaka ujao inambidi mwanachama aridhike. Hapo ndipo maslahi ya muuzaji na ya mnunuzi yanapokutana, na hatuoni haya kuisifu biashara ya namna hiyo.

Faida ya kununua kwa jumla ni kubwa zaidi kwa familia ambayo baba au mama yuko kazini mbali. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakienda Somalia kulinda amani, na askari aliye huko hawezi kukimbilia dukani watoto wakiishiwa. Akiacha nyumbani unga, maharage, mchele na sabuni za kutosha miezi miwili, mkewe hatalazimika kukopa kwa mwenye kibanda, na mkopo wa kibanda ndio unaoongeza bei ya kila kitu bila mtu kuhisi.

Hasara nazo zipo, na hazifichiki. Ya kwanza ni ada yenyewe. Tangu Septemba 2024 kadi ya kawaida ya Costco nchini Marekani ni dola 65 kwa mwaka. Ikiwa bei za humo zinamwokolea mtu asilimia 10, itambidi anunue kwanza bidhaa ambazo kwingineko zingegharimu dola 650 ndipo airudishe ada yake. Mpaka hapo bado hajapata hata senti moja ya faida. Anayenunua kidogo amelipa ili kuruhusiwa kutazama.

Ya pili ni kipimo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakisema juu ya gunia la unga katika chumba chenye unyevu. Askari polisi anayeishi na mke na watoto katika yunipoti, kibanda cha mabati kinachowaka joto mchana, ataliweka wapi gunia la maharage? Fukusi hawaulizi bei iliyolipwa. Tena yupo adui mwingine wa akiba, naye ni amri ya uhamisho, ambayo huja jioni na kutaka mtu awe njiani alfajiri.

Ya tatu ni tamaa. Mtu huingia kununua sabuni akatoka na vitu sita ambavyo hakuviwaza, akijifariji kuwa vyote vilikuwa na bei nafuu. Na nyumbani, kilicho kingi hutumiwa kwa wingi. Familia iliyozoea kilo 4 za sukari kwa mwezi, ikiona gunia limesimama pembeni, hujikuta imefikia kilo 6, na unafuu wote umekwisha katika vikombe vya chai.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba bei ya chini humwendea aliye na fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Anayenunua robo kilo kila siku hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, ingawa yeye ndiye mwenye shida. Duka la kadi haliondoi dhuluma hiyo, kwani humsaidia tu yule ambaye tayari ana fedha ya gunia, mahali pa kuliweka na gari la kulibeba. Askari mwenye cheo cha chini aghalabu hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kulipa ada ya kuingia dukani si kulimiliki duka. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walichanga mtaji wao wenyewe wakafungua duka dogo lililouza siagi, sukari, unga na mishumaa. Wao walikuwa wenye duka, na ziada iliyopatikana iligawanywa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Mwenye kadi ya Costco hana haki hiyo, kwani yeye ni mteja aliyelipia mlango. Jeshi la Marekani lina njia ya tatu. Sheria ya mwaka 1866 iliruhusu maghala ya jeshi kuwauzia maofisa na askari chakula kwa bei ya ununuzi, na utaratibu ukaanza mwaka 1867. Leo mnunuzi katika maduka hayo huongezewa asilimia 5 kwa ajili ya majengo na vifaa, na kadi yake ni utumishi wake. Lakini umiliki peke yake hauliokoi duka. Fedco, iliyokuwa mali ya wanachama wake, ilifilisika na kufungwa mwaka 1999.

Je, askari wetu afanye nini? Hapa kwetu hatuna uhaba wa moyo wa ushirika. Wanajeshi wana Wazalendo SACCO na polisi wana Exodus SACCO, ambamo wengi wamejifunza kuweka akiba na kukopeshana. Lilianzishwa pia duka la majeshi la kuwauzia wanajeshi vifaa vya ujenzi. Kwa chakula na sabuni, hata hivyo, hatuhitaji kungoja duka lenye uzio na kadi. Maduka ya jumla yako katika kila mji wetu mkubwa, nayo hayatozi ada ya mlango. Kinachokosekana ni watu 10 wa kununua pamoja.

Tuchukue mfano, na bei zake ziwe za mfano tu. Familia 10 za kambi moja zinanunua gunia la sukari la kilo 50, zikiokoa shilingi 300 kwa kila kilo, yaani shilingi 15,000. Zinanunua mchele kilo 50 zikiokoa shilingi 400 kwa kilo, yaani 20,000. Zinanunua jerikeni mbili za mafuta za lita 20, zikiokoa shilingi 500 kwa lita, yaani 20,000 nyingine. Jumla ni shilingi 55,000. Tuondoe shilingi 20,000 za gari, zinabaki 35,000, na kila familia imeokoa 3,500. Kila moja inakwenda nyumbani na kilo 5 za sukari, kilo 5 za mchele na lita 4 za mafuta, kipimo cha mwezi, kisicho cha kuozea ndani. Kwa mwaka akiba hiyo ni shilingi 42,000. Si utajiri, lakini ni madaftari na kalamu za mtoto wa shule, bila kumkopa mtu.

Mpango huo una masharti, na bila hayo ni bora usianzishwe. Ununuzi uwe kwa fedha taslimu, kwa maana anayekopa kwa riba ili anunue kwa jumla amempa mkopeshaji unafuu wote. Mizani iwe mbele ya macho ya wote, na risiti ibandikwe panapoonekana. Anayehamishwa arudishiwe fedha yake au mgawo wake kabla hajaondoka. Cheo kisiingie katika mgawo, afande na kuruta wapate kilo sawa kwa fedha sawa. Tena wake zetu wawe na sauti ya kwanza katika orodha ya kununuliwa, kwani wao ndio wanaojua sukari hudumu siku ngapi.

Sharti la mwisho ni la nidhamu. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970 na ile ya mwanzo wa 1980, sukari na sabuni zilipoadimika nchini, vibali vya kupata bidhaa kwa bei ya serikali vikageuzwa mali ya magendo, na raia akalipa mara nyingi zaidi kwa kitu kile kile. Unafuu wowote unaotolewa kwa ajili ya askari, iwe saruji au sukari, ni kwa matumizi ya nyumba yake. Anayeugeuza kuwa biashara ya uani anawaharibia wenzake wote, kwani haki inayotumiwa vibaya na mmoja huondolewa kwa wote, na raia hamtazami tena askari kwa heshima.

Kwa hiyo hatumkatazi askari aendaye ng'ambo kuchukua kadi ya duka la jumla, wala hatumhimizi. Ajiulize atanunua kiasi gani kwa mwaka, ana mahali pa kuweka, na angevinunua vitu hivyo hata bila kadi? Naye aliye hapa nyumbani aanze na daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kuanzia mshahara ujao, yeye na mwenzake wa nyumbani waandike kwa mwezi mmoja kila kilo na kila lita inayotumika. Mwezi ukiisha wawaoneshe majirani daftari hilo, nao walete yao, ndipo waketi pamoja kukubaliana gunia la kwanza liwe la nini.