Safari ya boti na watoto: Simu ibaki mfukoni

Boti imeondoka ufukwe wa Kunduchi kuelekea kisiwa cha Mbudya. Ni sikukuu, hali ya hewa ni nzuri, na familia nzima imo: baba, mama, bibi na watoto watatu. Dakika kumi hazijaisha, mtoto wa kati anaanza kusumbua. Anataka kusimama, anataka kuchungulia maji, anataka kurudi nyumbani. Mama anafanya kile ambacho wazazi wengi hufanya mtoto akisumbua: anampa simu aangalie katuni.

Mtoto ananyamaza. Muda si mrefu anapauka, jasho jembamba linamtoka usoni, anapiga miayo mfululizo. Bibi anapogeuka kuuliza kulikoni, ameshatapika juu ya kikapu cha chakula.

Wazazi wengi wakikutwa na tukio kama hili hulaumu chai ya asubuhi. Mara nyingi aliyeharibu safari ni simu.

Kwa nini bahari humlevya mtoto

Ndani ya sikio kuna sehemu inayoueleza ubongo jinsi mwili unavyosogea. Boti ikipanda na kushuka, sikio hutoa taarifa kwamba mwili unatikisika. Lakini macho yakiwa yameganda kwenye kioo cha simu, hutoa taarifa kwamba kila kitu kimetulia. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo huchafuka. Kitabu cha kuchora huleta matatizo hayo hayo.

Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio huathirika zaidi. Walio chini ya miaka 2 hupatwa kwa nadra.

Kinga ya kwanza haina gharama: mtoto aangalie mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Mketishe katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko mbele, penye hewa ya kutosha na mbali na moshi wa injini. Kwenye boti za abiria za Dar es Salaam kwenda Unguja, safari ya takribani saa mbili, wahini mapema mpate kiti karibu na dirisha.

Asipande na njaa, wala asishibe kupita kiasi. Andazi, ndizi au kipande cha mkate kinatosha. Vyakula vyenye mafuta mengi visubiri mpaka mfike.

Michezo ya kuangalia mbali

Mtoto aliyenyang'anywa simu bila kupewa kitu kingine atalia tu. Mpe kazi ya macho. Kutoka Kunduchi, ashindane na ndugu zake nani wa kwanza kuona Mbudya, nani wa kwanza kuona Pangavini. Wahesabu ngalawa upande wa kulia na mashua zenye tanga upande wa kushoto, atakayefikisha kumi kwanza achague matunda ya kuanza kuliwa.

Kwa familia inayotoka Bagamoyo kwa mashua kwenda kuona mikoko karibu na mdomo wa mto Ruvu, kazi ni nyingi zaidi: ndege, mizizi ya mikoko inayochomoza kwenye tope, maji yanayobadilika rangi pale mto unapoingia baharini. Mtoto mkubwa aulize nahodha upepo unatoka wapi. Bibi naye ana hazina yake. "Kitendawili!" "Tega!" Mchezo huu hauhitaji chaji wala bando, na macho ya mtoto hubaki juu.

Dawa si ya kumlaza mtoto

Zipo dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari, na nyingi hutakiwa kumezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Zikinywewa mtoto akiwa ameshaanza kutapika, hazisaidii sana. Mwone mfamasia siku moja kabla, umweleze umri na uzito wa mtoto na dawa nyingine anazotumia.

Hapa pana hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Baadhi ya dawa hizi huleta usingizi, na wapo wanaompa mtoto ili alale safari nzima. Promethazini, ambayo huuzwa pia kama dawa ya maji, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Soma jina kwenye chupa kabla ya kufungua kifuniko. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, lakini nayo iwe kidogo.

Jua linapiga mara mbili

Baharini jua hutoka juu na jingine huakisiwa na maji, na upepo humfanya mtoto asihisi kwamba anaungua. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Mtoto wa chini ya miezi 6 abaki kivulini na anyonyeshwe mara kwa mara. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kivuli, nguo na mafuta ya kukinga jua hata siku ya mawingu.

Wakubwa wapewe maji kidogo kidogo, hata kama hawajaomba. Aliyetapika mara nyingi apewe maji ya chumvichumvi ya ORS, pakiti moja iwemo mkobani.

Bagamoyo kuna jambo moja zaidi. Maji yakipwa hurudi mbali, na mashua hukaa mchangani. Muulize nahodha mtarudi saa ngapi na maji yatakuwaje saa hiyo, la sivyo watoto watasubiri juani.

Jaketi, na neno "hapana"

Yote hayo ni ya kufanya safari iwe nzuri. Hili la mwisho ni la kurudi nyumbani.

Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha la saizi yake, tangu mnapopanda mpaka mnaposhuka. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini. Lipime mkiwa bado ufukweni: lifunge, kisha shika mabega yake na uvute juu. Likipanda hadi mdomoni au masikioni, halimfai. Lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ni bora zaidi kwa wadogo. Si kila boti ina saizi ya mtoto, hivyo uliza kabla ya kulipa nauli.

Pwani hii haijasahau. Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, katika bahari iliyochafuka. Ndani ya vyombo vyote viwili walikuwemo wazazi na watoto wao.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na bahari huwa na mawimbi makubwa. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kuamkia safari. Ukifika ufukweni ukakuta boti imejaa, au nahodha anasema "mtabanana tu", una haki ya kushuka. Majirani watanuna, watoto watalia, na pengine nauli itapotea. Afadhali hayo. Mbudya haihami.

Jioni, ile familia inarudi Kunduchi. Mtoto wa kati amekaa katikati ya boti, jaketi limembana vizuri, na simu ya mama imo ndani ya mkoba. Amehesabu ngalawa saba. Bado tatu ashinde, na dada yake anamwambia ile moja ya pale mbele ameihesabu mara mbili.